Magofu ya Kaole

Watu wasioacha kitabu, habari zao twazipataje? Wazee husimulia, lakini masimulizi nayo husahauliwa. Basi wako mashahidi wengine, nao ni mawe.

Ukitoka Vigwaza ukaenda Bagamoyo, kisha ukafuata pwani kuelekea kusini mwendo wa kilometa 5 hivi, utafika Kaole. Hapo pana magofu ya misikiti miwili na makaburi mengi. Msikiti wa kwanza ulijengwa katika karne ya 13. Mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba mahali hapo ili kutafuta habari za wenyeji wake.

Yatazame kwanza mawe yenyewe. Si mawe ya mlimani. Ni matumbawe, yaani mawe yafanywayo na viumbe vidogo vya baharini. Mafundi waliyapanga, wakayashikamanisha kwa chokaa. Na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yayo hayo juu ya kuni nyingi.

Sasa ingia msikitini. Katika ukuta wa kaskazini utaona kibla, mahali palipoingia ndani ya ukuta, asimamapo imamu. Kwa nini kaskazini? Kwa sababu Maka iko upande huo kwetu sisi. Hivyo twaijua dini ya wajenzi, ingawa majina yao hatuyajui.

Nje yako makaburi, na mengine yana nguzo ndefu za mawe. Katika nguzo hizo yalitiwa mabakuli ya kaure kutoka China. Mabakuli yalivuka bahari kwa vyombo vya matanga, yakipita katika mikono ya wafanya biashara wengi. Kwa hiyo twajua ya kuwa watu wa Kaole hawakukaa peke yao, tena waliwaheshimu wafu wao kwa vitu vya thamani. Hata leo wako watu wanaokuja kuzuru kaburi la Sharifa na kuomba dua. Kwao mahali hapo si magofu tu.

Baadaye bandari ya Kaole ilijaa matope na mikoko, vyombo visiweze kukaribia. Biashara ikahamia Bagamoyo, na mji ukaachwa.

Leo mabakuli hayamo tena nguzoni. Yamebaki matundu ya mviringo. Fikiri jambo hili: bakuli likiwa mahali pake juu ya kaburi, latuambia habari ya watu walioliweka. Likiondolewa bila mtu kuandika lilikotoka, huwa bakuli tu. Na jiwe la ukuta ni vivyo hivyo. Alichukuaye hudhani amepata jiwe la kujengea. Kumbe amemnyamazisha shahidi, wala hawezi kumfanya aseme tena. Ndiyo sababu sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 yakataza kuharibu mahali kama hapa.

Siku mtakapokwenda Kaole, tazameni, pimeni kwa hatua, andikeni katika madaftari yenu. Lakini rudini mikono mitupu.

Maswali

1. Chokaa ya Kaole ilifanywaje?
2. Twajuaje dini ya watu waliojenga Kaole?
3. Kwa nini mji wa Kaole uliachwa?
4. Mwenzako ameokota kigae cha kaure Kaole, naye ataka kukichukua nyumbani. Utamwambia nini?