Tupange Kazi, Tuokoe Migongo



Geita ilifanywa mkoa mwaka 2012. Huko Geita mjini, Katoro na Kahama, nyumba zinaota kama uyoga. Vijijini nako tunajitolea kujenga madarasa na zahanati. Je, wanaobeba zege ni akina nani? Ni vijana wetu, kina mama na sisi wenyewe.

Katika kijiji kimoja nilikuta watu wanajenga darasa. Lori lilikuwa limeshusha mifuko 40 ya saruji barabarani. Watu wakaibeba mpaka stoo. Siku ya kumwaga lenta wakaibeba tena mpaka kwenye jengo. Siku hiyo fundi alichelewa, zege likaanza saa 6 mchana. Ilipofika saa 8 kijana mmoja akaanguka na ndoo ya zege. Alipona, lakini mgongo uliumia. Msimu ule hakushika jembe.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Ni kweli. Lakini aliyeumia mgongo naye hulia kivulini, analia machozi.

Tufanye hesabu. Mfuko mmoja wa saruji una kilo 50.
40 x 50 = 2,000. Hizo ni tani 2.
Walibeba mara mbili, yaani tani 4. Kama lori lingeshusha saruji stoo, tani 2 zisingepita mabegani mwa watu. Nguvu zile zilipotea bure.

Basi tupange hivi:

1. Siku moja kabla, kila kitu kiwe karibu: mchanga, kokoto, maji na saruji. Asiyekuwa na toroli aazime.

2. Kazi nzito ianze saa 12 asubuhi. Zege la asubuhi halikaushwi upesi na jua, hivyo hata lenta inakuwa imara.

3. Saa 4 watu wapumzike, wanywe uji. Maji ya kunywa yawepo muda wote. Usingoje kiu.

4. Saa 6 hadi saa 9 jua ni kali. Pumzikeni, au mfanye kazi nyepesi kivulini, kama kukunja nondo.

5. Watu wapokezane. Aliyebeba ndoo kwa nusu saa, ashike beleshi au achote maji. Mtu mmoja asibebe kutwa nzima.

6. Leo mkimwaga zege, kesho mfanye kazi nyepesi.

Mwenzako akipata kizunguzungu au akianza kuweweseka, mpeleke kivulini, mmwagie maji, kisha mumkimbize zahanati.

Wewe uliyeajiriwa, ijue haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku, wala saa 45 kwa wiki. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, una haki ya kupumzika dakika 60.

Haya si mageni kwetu Wasukuma. Katika bugobogobo, ngoma hutoa mwendo na majembe hufuata pamoja. Vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale. Kwenye ujenzi pia achaguliwe mtu mmoja wa kuangalia saa, jua na zamu.

MASWALI
1. Kijijini kwako lori hushusha saruji wapi?
2. Mifuko 25 ikibebwa mara mbili ni kilo ngapi?
3. Nani atakuwa nsumba ntale wa ujenzi wenu?