Kompyuta ya ofisi ya nyumbani: Ibadilishwe lini?

WAFANYABIASHARA wengi waliohamishia shughuli zao za ofisi nyumbani tangu mwaka 2020 sasa wanakabiliwa na swali moja la mtaji. Vitendea kazi walivyonunua wakati ule vimechakaa, kompyuta inakwenda kwa kusuasua, na dukani mashine mpya zinapendeza macho. Je, mtu atoe fedha sasa au asubiri?

Jambo la kwanza ni kujua kinachochelewesha kazi ni nini hasa. Mei 12, 2024, nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Aliyekuwa na kompyuta ya milioni tano siku ile alikaa bure sawa na mwenye kompyuta ya laki nne. Vivyo hivyo, katika mgao wa umeme wa mwaka 2023, waliosimama kabisa ni wenye kompyuta za mezani zisizo na UPS, hata kama mashine zenyewe zilikuwa mpya. Wenye kompyuta mpakato zenye betri nzima waliendelea kwa saa mbili au tatu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, mhusika aandike kwa wiki mbili dakika anazopoteza kila siku na chanzo chake: umeme, mtandao, mashine au mteja aliyechelewa kujibu. Kazi hii inachosha na wengi hawaifanyi. Matokeo yake ni kununua dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Tuchukue mfano wa mtunza hesabu anayefanya kazi nyumbani kwake kwa ajili ya maduka kadhaa ya Kariakoo. Daftari lake linaonyesha kuwa mashine peke yake inampotezea dakika 25 kwa siku, katika kuwaka, kufungua majedwali na kukwama. Kwa siku 26 za kazi hizo ni dakika 650, yaani karibu saa 11 kwa mwezi. Ikiwa saa yake moja ina thamani ya sh. 6,000/-, hasara ni takriban sh. 65,000/- kila mwezi. Mashine mpya inauzwa sh. 1,300,000/-. Ikiondoa ucheleweshaji wote, fedha zake zitarudi baada ya miezi 20. Hesabu hiyo inavutia, na wengi huishia hapo.

Lakini kuna njia ya tatu. Kompyuta nyingi za zamani huchelewa kwa sababu ya diski ya kuzunguka, ambayo ni ya mwendo wa polepole sana ikilinganishwa na diski ya SSD. Fundi akiweka SSD na kuongeza RAM, kwa gharama ya, tuseme, sh. 190,000/-, mtunza hesabu huyu ataokoa dakika 20 kati ya zile 25. Hizo ni saa nane na dakika 40 kwa mwezi, au sh. 52,000/-. Matengenezo yatajilipa katika miezi minne.

Sasa linganisha. Anayenunua mashine mpya badala ya kutengeneza anaongeza sh. 1,110,000/- ili kuokoa dakika tano zilizobaki, ambazo ni sh. 13,000/- kwa mwezi. Nyongeza hiyo itarudi baada ya miezi 85, yaani zaidi ya miaka saba, wakati mashine yenyewe itakuwa imekwishazeeka. Hapa ndipo wengi hukosea: hulinganisha kipya na kibovu, badala ya kulinganisha kipya na kilichotengenezwa.

Mfanyabiashara mwenye duka ana kipimo kingine kilicho kikali zaidi. Fedha hizo zingefanya nini kwenye bidhaa? Kama mzigo wake unazunguka mara moja kwa mwezi na unamwachia faida ya asilimia 8, sh. 1,300,000/- zikiwa dukani zinamzalishia sh. 104,000/- kwa mwezi na mtaji unabaki palepale. Zikiwa kwenye kompyuta zinaokoa sh. 65,000/- na mtaji unaliwa na uchakavu. Lakini sh. 190,000/- za matengenezo zingezalisha sh. 15,200/- tu dukani, ilhali kwenye mashine zinaokoa sh. 52,000/-. Kwa hiyo fundi alipwe, na kubwa lisubiri.

Ieleweke pia kwamba muda uliookolewa ni fedha pale tu unapouzwa. Asiye na wateja wa kujaza zile saa nane hajaingiza kitu. Amepata nafasi ya kupumzika, ambayo si mbaya, ila isiingizwe kwenye hesabu za biashara.

Pamoja na hayo, yapo mazingira ambayo kubadilisha mashine hakukwepeki hata kama inafanya kazi. La karibuni zaidi ni la Windows 10. Kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa programu hiyo Oktoba 14, 2025, miaka kumi baada ya kuitoa. Kwa watumiaji wa nyumbani iliweka nyongeza ya ulinzi hadi Oktoba 13, 2026, ambayo ada yake ilitangazwa kuwa dola 30, na njia nyingine zisizo za malipo ya fedha. Mashine isiyopata marekebisho ya ulinzi haizimiki, lakini kila tundu jipya linalogunduliwa hubaki wazi. Anayeshika hesabu za benki za watu wengine hana budi kulipima hilo kwa uzito wake, kwani mteja mmoja akiibiwa, ile sh. 1,300,000/- itaonekana ndogo.

Hapo pia matengenezo yana mpaka. Windows 11 inadai angalau RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel orodha yake kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. SSD na RAM haziwezi kumgeuza kizazi cha sita kuwa cha nane. Mnunuzi wa kompyuta zilizotumika Ulaya au Dubai asome namba ya prosesa mwenyewe: i5-6300U ni ya sita, i5-8350U ni ya nane. Maandishi ya “Core i5” yaliyobandikwa kwenye kava hayasemi lolote kuhusu hilo, na baadhi ya wauzaji wanalijua vizuri.

Kuhusu uchakavu, sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2004 ya Tanzania huziweka kompyuta katika kundi la kwanza la mali, kwa kiwango cha asilimia 37.5 ya thamani inayobaki. Kodi yenyewe hukokotolewa kwa kundi zima la mali, lakini kiwango hicho kinafaa kama kipimo. Mashine ya sh. 1,200,000/- itahesabiwa sh. 750,000/- baada ya mwaka mmoja, sh. 468,750/- baada ya miwili, na kama sh. 293,000/- baada ya mitatu. Matengenezo yanayozidi thamani hiyo inayobaki yaangaliwe kwa jicho kali. Aidha, mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio kwa mauzo ghafi hapunguziwi chochote kwa ajili ya uchakavu, hivyo asishawishike na muuzaji anayemwambia kuwa “kodi italipia nusu”.

Bei nazo hufuata dola. Mwaka 2024 dola moja ilivuka sh. 2,700/-, kisha ikashuka hadi karibu sh. 2,400/- mwishoni mwa mwaka. Bei za madukani hazishuki haraka kama zinavyopanda, kwa sababu muuzaji anataka kwanza kumaliza mzigo alioununua ghali. Asiye na tarehe inayombana anaweza kusubiri mzigo mpya uingie, kisha aulize maduka matatu kwa siku moja na kudai risiti ya EFD yenye jina la biashara yake.