Jumanne: Masazo ya Shamba na Mikono ya Kazi

Soma Mambo ya Walawi 19:9, 10, Ruthu 2:2–17, na 2 Wathesalonike 3:6–13. Je, Mungu aliwasaidiaje maskini bila kuwaondolea kazi?

Sheria ilimwagiza mwenye shamba asivune pembeni kote wala asikusanye masazo. Hayo yalikuwa fungu la maskini na mgeni. Lakini nafaka hiyo haikupelekwa mlangoni pao ikiwa imekwisha kupurwa. Ruthu aliokota mpaka jioni, akapura mwenyewe, akapata kama efa moja ya shayiri. Boazi naye hakuishia kusifu bidii yake. Aliwaagiza vijana wamwachie masuke makusudi.

Wengi husema kwamba maskini akipewa fedha atabweteka. Hofu hiyo inastahili kupimwa. Mwaka 2017 Abhijit Banerjee na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio 7 ya ruzuku za serikali katika nchi 6, zikiwemo Indonesia, Meksiko na Moroko. Hawakupata ushahidi wa jumla kwamba ruzuku ziliwafanya watu waache kazi. Nchini Tanzania, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF umeunganisha ruzuku na ajira za muda kwa wenye nguvu, na kuhimiza watoto wapelekwe shule na kliniki.

Je, Paulo anapingana na msaada? La. Anamkemea asiyetaka kufanya kazi, si asiyeweza, wala aliyetafuta kazi akaikosa. Na mara baada ya kuwaonya wavivu, anawasihi ndugu wasichoke kutenda mema (fungu la 13). Alijua kwamba mvivu mmoja anaweza kuifunga mikono ya kanisa zima, na anayeumia ni mjane mgonjwa ambaye hakumlaghai mtu.

Kwa hiyo kanisa laweza kukosea kwa njia mbili: kumlisha mwenye nguvu mpaka asahau jembe, au kumnyima mhitaji kwa kisingizio cha kumfundisha bidii. Dawa ya yote mawili ni kumfahamu mtu kwa karibu, kama Boazi alivyouliza habari za Ruthu kabla ya kumsaidia.

Soma 1 Timotheo 5:3–16. Kanisa la kwanza liliwatambuaje wajane waliostahili kutunzwa? Ndugu wa karibu walikuwa na wajibu gani?

Mjadala: Ni nani katika kanisa lenu anayehitaji chakula leo, na ni nani anayehitaji mbegu, jembe au kazi? Kikundi chenu kitafanya nini kabla ya Sabato ijayo?