Jua Linawaka, Mto Unakuja: Tahadhari za Mafuriko na Dhoruba, Migori na Homa Bay

Mafuriko ya Nyatike mara nyingi hayatokani na mvua ya Nyatike. Mvua hunyesha Kisii na Nyamira, kwenye vilima unakoanzia Mto Kuja. Maji husafiri kwa saa nyingi, yakakutana na ya Mto Migori, kisha yakatandaa tambarare karibu na Ziwa Victoria. Huku chini watu wameanika omena juani na wanaulizana, “Mvua gani hiyo wanayoitangaza?” Kwa hiyo ukiishi Nyatike ukasikia Kisii ikitajwa redioni, umetajwa wewe.

Idara ya Hali ya Hewa huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 20 kwa saa 24. Yaonekana kidogo. Lakini paa la mabati la mita 5 kwa 10, likikinga milimita 20 tu, hujaza mitungi 50 ya lita 20. Hilo ni paa moja; sasa fikiria vilima vyote vya Kisii na Nyamira.

Tangazo huweza pia kutaja asilimia. Huo ni uwezekano wa mvua kunyesha. Isiponyesha kwako, hukudanganywa, na tahadhari ya kesho isikilize vilevile.

Ziwani

Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka: pepo za nchi kavu hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu ya radi yakajengeka. Ndiyo maana dhoruba nyingi huzuka usiku wa manane hadi asubuhi, saa ambazo wavuvi wa omena wako mbali ziwani wakiwa na taa zao. Utulivu wa jioni pale Mbita haukuambii lolote kuhusu saa tisa usiku nyuma ya kisiwa cha Mfangano. Sikiliza utabiri wa ziwa kabla ya kusukuma mashua, uliza kamati ya usimamizi wa ufuo wako (BMU), na jaketi la kujiokolea livaliwe, lisikaliwe.

Kuhama

Hamisheni watoto, wazee, wagonjwa na mifugo mchana, kabla maji hayajafika uani. Vitambulisho, vyeti na dawa vifungwe ndani ya mfuko wa nailoni. Usivuke maji yanayokwenda kasi, kwa miguu wala kwa bodaboda, hata kama yanaishia magotini: Kuja ikifurika huwa tope tupu, na huwezi kuona mahali barabara ilipokatika.

Tunajua kinachowabakiza wengi nyumbani. Si ukaidi. Mtu anaogopa kurudi akute mlango umevunjwa na kuku hawapo. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake si kulala ndani ya maji. Kabla ya masika, kaeni na naibu wa chifu na wazee wa kijiji mkubaliane ni nani watalinda boma zilizohamwa, na watalinda wakiwa mahali gani palipo salama.

Sauti za WhatsApp zisizotaja tarehe, mahali wala aliyezitoa, usizisambaze. Uliza kwa chifu kwanza.

Baada ya mafuriko, chemsha maji ya kunywa au uyatie dawa. Maji ya vyoo huwa yameingia visimani.

Ukihitaji msaada piga 999 au 112. Nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199, bila malipo. Iandike leo nyuma ya mlango, kwa mkaa ikibidi, mahali ambapo hata mtoto ataisoma.