Dondoo muhimu: Lishe iliyomo jikoni mwako

Mboga za majani ndizo za kutunzwa zaidi. Osha mchicha au matembele kwanza, ndipo ukate; ukikata kwanza, vitamini C na folati huondoka na maji ya kuoshea. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, tia mboga, funika dakika 3 hadi 5, epua ingali kijani. Mafuta hayo, au tui la nazi au karanga za kusaga ukipenda, huusaidia mwili kufyonza vitamini A. Mezani kamulia ndimu: husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo inywe saa moja baada ya kula. Kwa mama mjamzito, kupata madini ya chuma ni jambo kubwa.

• Manjano: nusu kijiko cha chai kwenye mchuzi, pamoja na pilipili manga, maana bila hiyo mwili hufyonza kidogo mno.

• Dagaa: wale wazima, na mifupa yao. Kalsiamu imo humo.

• Mlonge: anika majani kivulini, si juani, twanga, tia kijiko kimoja cha chai kwenye uji. Mizizi yake iache.

• Iliki, mdalasini na tangawizi huikoleza chai hata ukapunguza sukari bila kuikumbuka. Nunua viungo vizima, usage mwenyewe. Vya unga huweza kuchanganywa na vitu vingine.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kabla ya kuzidisha manjano au tangawizi.