Difu Kuukuu, Rangi Mpya

*Fundi, nina Canter ya kubebea viazi. Hausingi ya difu ya nyuma imepinda, na muuza spea za mtumba Dar ana nyingine, nyeusi, inang'aa. Nimeambiwa niikague nyufa kabla ya kulipa. Nitazionaje, mimi dereva tu? — Wa Makambako*

Mdogo wangu, huo mng'ao ndio unaonitia shaka. Ningewekewa hausingi mbili, moja imejaa matope na oili iliyoganda, nyingine imepakwa rangi juzi, ningeanza na ya matope. Kwenye uchafu ufa hujisema wenyewe: mstari mwembamba wa kutu, au vumbi lililolowa oili ilhali pembeni kote ni pakavu.

Mwombe muuzaji akuruhusu kutoa rangi sehemu chache. Akigoma, nenda duka la pili. Anza pale springi inapokalia, maana mzigo wote unashukia hapo. Kisha pale mkono wa ekseli unapoungana na tumbo la difu, ukingo wa mfuniko wa nyuma uliochomelewa, na flenji ya breki. Angalia zaidi mwisho wa kila mshono wa welding. Tumia dawa ya kutolea rangi na brashi ya waya ya mkono. Grainda usiiguse: hulaza chuma juu ya ufa na kuuziba mdomo, ukaondoka umeridhika bure.

Pakishakuwa safi, pakaza mafuta ya taa, kanywe chai nusu saa, rudi ufute mpaka pakauke kabisa, halafu nyunyiza unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye weupe. Usiicheke njia hii; karakana za reli zilikagulia vyuma vya treni hivyo hivyo zamani. Siku hizi kuna makopo matatu, la kusafishia, la rangi nyekundu na la unga mweupe, nayo hunasa nyufa nyembamba zaidi. Ukimpata fundi mwenye nayo, mlipe.

Ila oili kwenye habu isikutishe. Mara nyingi ni sili imechoka, au kile kitundu cha kupumulia juu ya difu kimeziba, presha ikasukuma oili nje.

Ukikuta mshono usiofanana na wa kiwandani, utaambiwa, "Ilichomelewa kidogo tu, iko imara." Iache hapo hapo. Moto wa welding huweza kupindisha ekseli, na ufa mpya hupenda kuota kando ya mshono ule ule. Kwa gari la shamba la kuvuta maji ningekuachia. Kwa gari linaloteremka Kitonga na mzigo, hapana.

Nenda na beringi zako za zamani za magurudumu uzivishe kwenye shingo zote mbili za hausingi. Zikicheza, shingo imelika, hata kama ufa haupo.

Halafu kuna jambo hukuniandikia. Yako ilipinda, na hausingi haipindi kwa kuegeshwa. Magunia hayo ya viazi ni ya kawaida, au ni lumbesa?