Jiji Lisilo na Mabalozi: Somo Kutoka Hamburg

Kila ugeni wa kutoka ng'ambo unapopokelewa katika halmashauri zetu, wananchi huuliza: wametuletea nini? Swali hilo ni halali, ila halitoshi. Tujifunze kwa Hamburg, jiji lenye bandari kubwa kuliko zote nchini Ujerumani na lenye uhusiano wa muda mrefu na pwani yetu.

Zamani Hamburg ilikuwa dola inayojitegemea. Mwaka 1859, pamoja na Bremen na Lübeck, ilifunga mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar. Leo mambo yamebadilika. Hamburg ni jiji, na papo hapo ni mojawapo ya majimbo 16 ya Ujerumani. Ulinzi, mabalozi na sera ya mambo ya nje viko mikononi mwa Serikali Kuu mjini Berlin.

Je, jiji limebakiwa na nini? Limebakiwa na kazi zake za kila siku: bandari, usafi, zimamoto, elimu na utamaduni. Katika mambo hayo hushirikiana na majiji yenye shida zinazofanana na zake. Shughuli hizo huratibiwa na ofisi ya Meya wa Kwanza. Aidha, Hamburg na jimbo jirani la Schleswig-Holstein zina ofisi ya pamoja mjini Brussels, inayofuatilia maamuzi ya Umoja wa Ulaya yanayowagusa wakazi wao.

Njia nyingine ni urafiki wa miji. Urafiki wa kwanza wa Hamburg ulifungwa mwaka 1957 na Leningrad, mji ambao majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameuzingira kwa karibu siku 900 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baadaye zilifuata Marseille, Shanghai, Osaka, Chicago na nyinginezo. Mwaka 2010 ilikuwa zamu ya Dar es Salaam, jiji la bandari kama yenyewe.

Tunda moja la urafiki huo liko Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni, ambako taka za masokoni hugeuzwa kuwa mbolea ya mboji. Ujerumani na Hamburg zilichangia fedha na utaalamu. Lakini hakuna mgeni awezaye kusimama sokoni kila asubuhi kutenganisha maganda ya ndizi na mifuko ya plastiki. Taka zikichanganywa na plastiki na vioo, mboji huharibika, na mkulima hatainunua. Mkataba husainiwa na viongozi, lakini hutekelezwa na muuza mboga, mzoa taka na mama wa nyumbani.

Kwa hiyo, mradi wa ushirikiano unapoletwa katika kata yako, hudhuria mkutano wa kijiji au wa mtaa, ukaulize maswali matatu zaidi. Je, sisi tumeahidi kufanya nini? Fedha za wafadhili zikiisha, gharama za uendeshaji zitalipwa kutoka fungu lipi? Nani kati yetu atafundishwa ufundi wake, ili mtambo ukiharibika tusisubiri fundi wa kutoka ng'ambo?

Maswali hayo yaulizwe kabla ya utepe kukatwa. Yakiulizwa baadaye, huwa mtambo umekwisha kusimama, na mwananchi aliyetarajia huduma amebaki na jengo tupu.